Ziwa la Kulia na Ziwa la Kushoto

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
Jumamosi, 14 Februari 2026

Mpendwa mpwa wangu Nasreen,

Assalaam aleikum. Nataraji barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wenzako, na kwamba goti lililokusumbua Disemba limetulia. Sisi huku hatujambo. Mkaza mjomba wako anakohoa kidogo kwa vumbi la barabara wanayoichimba tena mbele ya nyumba, lakini anapika na kugombana kama desturi yake, kwa hivyo sina wasiwasi naye. Joto ni kali. Ramadhani imebakisha siku nne au tano, na watu wameshaanza kubishana mwezi utaonekana lini.

Utashangaa kupata karatasi ilhali simu ipo. Sababu unaijua. Tangu Novemba nimekupigia mara tatu kwa jambo hili, na mara zote tatu mtandao wa Muskat umeharibika pale pale nilipolitaja. Karatasi haina mtandao. Kalama, jirani yetu wa nyumba ya kona, anasafiri Jumatatu kurudi kazini huko, na ameahidi kuiweka mkononi mwako mwenyewe.

Habari yenyewe ni hii. Jumanne tarehe 10, Sista Gladys Kafedha, muuguzi wa utafiti wa saratani ya matiti katika kliniki ya hapa Likoni, alimwambia ndugu yako Mastura mbele yangu kwamba ameondolewa katika kundi la hatari ya juu na kuwekwa katika kundi la wastani. Siwezi kusema amepona, maana hakuwa mgonjwa. Kilichosahihishwa ni fomu. Fomu ilisema kwamba mama aliyemzaa ni marehemu dada yangu Mwanatatu, mama yako. Sasa inasema kweli. Na kwa kuwa inasema kweli, swali lililokuwa limemkalia Mastura limehamia kwako. Nakuomba ukapimwe. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu zake.

Nitaanza na mambo ambayo wewe umeyasikia na mimi niliyaona. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Wewe ulizaliwa Agosti 1982. Mastura alizaliwa Disemba mwaka huo huo, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mama yake, Mwanakombo, akafa siku ya tisa kwa homa ya uzazi. Mwanatatu alikwenda kilioni kutoa pole, akarudi na mtoto. Bibi yako akamuuliza kama akili zake ni timamu. Mwanatatu akamjibu, "Mungu kanipa mawili, na mwanangu ni mmoja." Akagawa. Ziwa la kulia likawa lako, la kushoto la Mastura, na hakuchanganya hata siku moja. Alisema kila mtoto ajue pake, msije mkagombana mkiwa wakubwa.

Kazi yangu ya uandishi wa habari imenionyesha watu wengi wakitenda mema, aghalabu mbele ya kamera. Sijaona jambo zito likifanywa kwa wepesi kama lile. Hakuitisha kikao, hakuomba ruhusa ya mtu, na sikumsikia akilitaja tena.

Kwa sharia mkawa ndugu. Mastura akakua akimwita Mwanatatu mama, akaniita mimi mjomba, na hapa mtaani ikasahaulika kwamba palikuwa na tumbo jingine.

Mwaka 1992 mama yako akapata uvimbe ziwa la kushoto. Alikuwa na miaka arubaini. Akafa 1994, ana arubaini na mbili. Siku ya tatu ya matanga, mwanamke mmoja wa mtaa ule, sasa naye ni marehemu na simtaji, alisema kwa sauti ya kusikika: "Lile la kushoto si ndilo alilonyonya yule wa kuokota? Kamfyonza mpaka kamaliza." Mastura alikuwa anapita na sinia la vikombe. Alisikia. Wewe ulisikia. Mimi pia nilisikia. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimeshaajiriwa na gazeti kwa kazi ya kuuliza maswali, na yule mwanamke sikumuuliza lolote. Naliandika kwa sababu ni sehemu ya taarifa.

Kwa neno lile moja wasichana wawili walitoka na mambo mawili. La Mastura nimelijua mwezi huu tu: kwa miaka thelathini na miwili ameamini kwamba yeye ndiye aliyemuua Mwanatatu. Lako uliniambia mwenyewe Disemba, kabla mtandao haujaharibika. Nililiandika kwenye daftari kwa mazoea. Ulisema, "Mjomba, mimi langu lilikuwa la kulia. La kulia halikuwa na kitu mpaka anakufa. Na miaka yake nimeshaivuka, nina arubaini na tatu."

Jibu lake sasa ninalo.

Fomu ilianza hivi. Juni mwaka jana Sista Gladys alikwenda kwa Mastura kubadilisha kioo cha simu. Unakijua kibanda chake, kile cha buluu karibu na soko. Sista ni mwenyeji wa Kisauni, mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita majina kwenye foleni. Kioo kilipokuwa kinakauka gundi akamweleza Mastura kwamba wanatafuta wanawake wa Pwani, wazima, wakubali kutoa mate kidogo kwenye kichupa na kujibu maswali ya ukoo. Alikuja kutengeneza simu akaondoka na mate ya fundi. Mastura bado humtania kwa hilo.

Siku ya kujaza fomu nilimsindikiza. Swali la mama lilipofika, Mastura alisema: amekufa, saratani ya ziwa, aliugua ana arubaini. Sista akanitazama mimi kama mtu mzima wa ukoo. Nikaitikia kwa kichwa. Halafu nikamsaidia kuandika tarehe zenu za kuzaliwa, yako Agosti na yake Disemba, mstari chini ya mstari. Kwa miaka thelathini na mitatu nimehakikisha umri wa watu kabla ya kuuchapisha. Siku ile sikuhakikisha.

Novemba majibu yakaja: hatari ya juu. Sista alimweleza kwa utulivu kwamba hiyo si hukumu, kwamba wanawake wengi wa kundi hilo hawaugui kamwe, na kwamba apige picha ya matiti, mamogramu, kila mwaka. Mastura aliitikia vizuri, akarudi kibandani. Kuanzia siku hiyo akakataa kazi za kulaza. Simu isiyoweza kufunguliwa na kufungwa siku hiyo hiyo hakuipokea. Nilipomuuliza sababu alisema hataki kuacha simu ya mtu wazi mezani.

Kosa liligunduliwa Januari, na aliyeligundua ni Sista Gladys peke yake. Hakuna kompyuta iliyomsaidia. Ana desturi ya kuzipitia upya fomu zote yeye mwenyewe, kwa penseli, kila baada ya miezi sita, kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Alifika kwenye fomu ya Mastura akasimama. Akampigia simu. Mastura amenihadithia mazungumzo yale mara nne, na hayajabadilika.

"Dada, wewe na huyu Nasreen ni mapacha?"

"La, Sista."

"Yeye Agosti, wewe Disemba. Mwaka mmoja."

"Ndiyo."

"Basi mama yenu alikuwa na matumbo mawili."

"Alikuwa na maziwa mawili," Mastura akasema, akicheka. Halafu akaacha kucheka. Upande wa pili Sista akauliza, "Aliyekuzaa ni nani?"

Mastura anasema tangu akue hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Ungedhani alifurahi. Hakufurahi. Alikuja hapa jioni ile akakaa barazani na mkaza mjomba wako, na alichosema ni kwamba hawezi kumfuta Mwanatatu kwenye karatasi. "Nikimfuta nimemkana. Yeye hakunikana." Kesho yake alikwenda kliniki kumwambia Sista vivyo hivyo, kwamba bora abaki na hatari ya juu. Sista hakumbishia. Aliichukua fomu, akapiga mstari mpya kwa rula chini ya mstari wa mama, akaandika kwa mkono: *Mama wa kunyonya: Mwanatatu.* Kisha akamwambia, "Simfuti, dada. Namweka pake." Hapo ndipo Mastura alipokubali.

Huyo ndiye Sista Gladys. Nimewahoji mawaziri wa afya saba, na hakuna hata mmoja ambaye ningemkabidhi fomu ile.

Nafasi ya mama mzazi sasa ilihitaji kujazwa, na ukoo wa Mwanakombo uko Jomvu Kuu. Mastura hakuwahi kukanyaga huko. Alikwenda peke yake siku ya Jumapili, akauliza njia msikitini, akaelekezwa kwa dada mkubwa wa mama yake, bibi wa miaka themanini na mbili. Alipobisha hodi na kujieleza, bibi alimtazama kwanza, halafu akasema, "Umechelewa kula. Chakula kilipakuliwa mwaka themanini na mbili." Kisha akamkalisha, akamshika pua. "Hii usiseme umepewa Likoni. Hii ni ya kwetu." Alimtajia mama zake wakubwa na wadogo, bibi zake na shangazi, nani alikufa kwa nini. Hakumkumbuka yeyote aliyepata uvimbe wa ziwa. Mastura alirudi na kurasa tatu za majina na ndoo ya kamba wabichi wa baharini. Tangu hapo amekwenda mara mbili, na hakwenda kwa ajili ya fomu.

Sasa nije Jumanne. Nitakuandikia alivyotueleza Sista, kwa sababu alieleza vizuri kuliko makala zangu zote za afya.

Alisema watu wanapozungumza saratani ya kurithi huwa wanafikiria jeni moja iliyoharibika vibaya. Zipo jeni za namna hiyo, na aliye nayo hatari yake hupanda mara nyingi. Lakini ni nadra. Mastura ameangaliwa, hana. Utafiti wao hasa unatazama kitu kingine: tofauti ndogo za kawaida. Katika maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili zipo sehemu ambapo mtu mmoja ana herufi hii na mwenzake ana ile. Hakuna aliyeharibika. Baadhi ya tofauti hizo anazo mtu mmoja kati ya watatu, nyingine nusu ya watu wote. Anazo Sista mwenyewe, ninazo mimi.

"Kwa hiyo hakuna kilichoungua," Mastura akasema. "Ni seting."

Sista akacheka. "Ni seting, fundi. Nyingi hazigusi hata jeni yenyewe. Ziko pembeni, zinaiambia iwake lini na iwake kiasi gani."

"Na moja ikisogezwa?"

"Moja peke yake karibu si kitu. Inapandisha hatari asilimia tatu, tano. Chache sana hufika ishirini na kidogo. Lakini zinazojulikana zimepita mia mbili. Ukiwa nazo nyingi zilizosogezwa juu, zinajumlika. Ukiwa nazo nyingi zilizosogezwa chini, zinakupunguzia."

Nikamuuliza tofauti hizo zilipatikanaje, kwa sababu hilo ndilo swali langu kwa kila mtu. Alisema walilinganisha mate na damu za wanawake zaidi ya laki mbili, waliougua na wasiougua, herufi kwa herufi, kwa miaka mingi, wakitafuta kilichozidi kidogo upande mmoja. Nimelifikiria hilo tangu Jumanne. Sisi magazetini tunapenda mshukiwa mmoja. Watu hawa wamefanya kazi miaka ishirini kuthibitisha kwamba mshukiwa mmoja hayupo, wapo mia mbili na zaidi, kila mmoja amechangia kidogo, na karibu wote wanaishi katika miili ya watu wazima kabisa. Ni kazi isiyo na kichwa cha habari. Naiheshimu.

Sista hakuficha upungufu. Wengi wa wanawake hao laki mbili ni wa Ulaya, na baadhi wa Asia. Hesabu iliyotengenezwa kwao hukosea zaidi ikitumiwa kwetu, kwa sababu Afrika ina tofauti nyingi kuliko kwingine kote na baadhi ya zetu bado hazijulikani. Ndiyo maana wanakusanya mate Likoni, Kisauni na Changamwe. Alisema wazi kwamba namba aliyompa Mastura ni ya kukadiria, na miaka mitano ijayo huenda ikasogea.

Katika hesabu ya Mastura, mate yake yalikuwa ya kati tangu mwanzo. Kilichompandisha ni mstari mmoja tu wa ukoo, mama aliyeugua ana arubaini. Mstari ulipohamishwa, akashuka. Bado ataendelea kukaguliwa kwa umri wake, kama mwanamke yeyote.

Hapo Mastura akauliza lake. Aliuliza akitazama meza. "Na maziwa, Sista? Nilinyonya miaka miwili. Lile lile."

Sista aliweka kalamu chini. "Dada, ugonjwa ule haupiti kwenye maziwa, si kwenda wala kurudi. Mtoto hamfyonzi mama saratani, wala hampi. Na mwanamke anayenyonyesha hatari yake hupungua kidogo, kadiri anavyonyonyesha. Mama yako alinyonyesha wawili kwa mpigo. Kama ulimfanyia kitu, ulimpunguzia."

Mastura akachukua simu ya Sista iliyokuwa mezani, akaitazama kioo, akasema kimeinuka pembeni, ailete kesho. Jumatano alipokea kazi tatu za kulaza. Nilipita nikaziona, ziko wazi mezani.

Sasa wewe, mwanangu.

Uliloniambia Disemba lilinishinda kwa sababu lilifanana na mantiki. Halina mantiki. Alichokuachia mama yako hakikupita ziwa la kulia wala la kushoto. Kilipita kabla hujazaliwa, na kimo katika kila chembe yako, pande zote mbili, pamoja na goti lako linalouma. Nusu ya maandishi yako ni yake na nusu ni ya baba yako. Nusu ipi ya kwake uliipata, hakuna ajuaye. Huenda ulichukua zile zilizosogezwa juu, huenda zile za chini. Mate yangu nimetoa Jumanne hiyo hiyo, na nilidhani si yangu kutoa. Sista aliniuliza kama nina binti. Nikamwambia Mwanasaumu. Akasema baba huachia sawa na mama, na kwamba wengi wa wanawake aliowaandikisha waliacha upande wa baba mtupu, wakidhani ugonjwa wa matiti hauwezi kupitia kwa mwanamume. Amewapigia simu wote. Katika wanawake mia mbili na kumi na wawili, tisa walikuwa wameandika mama mkubwa, mama wa kambo au mama wa kunyonya mahali pa mama mzazi. Sasa kila fomu yake ina maswali mawili, nani alikuzaa na nani alikunyonyesha, na wenzake wa vituo vingine wameyanakili.

Kuhusu umri, nalo si kweli. Hatari haikuachi ukipita miaka aliyokufa mama. Huongezeka kadiri mtu anavyokua. Sista anasema mwanamke ambaye mama yake aliugua mapema hushauriwa aanze kukaguliwa kama miaka kumi kabla ya umri ule. Kwako ilikuwa thelathini. Umechelewa miaka kumi na mitatu, na hilo si kosa lako, kwa sababu sote tulikuwa tunamtazama Mastura.

Sitaki kukutisha, na sitaki uelewe vibaya. Mwanamke ambaye mama yake aliugua, hatari yake ni kama mara mbili ya mwenzake. Mara mbili ya kidogo bado si kubwa. Wengi hawapati kamwe. Na uvimbe ukionekana ungali mdogo, mara nyingi hutibika. Mwanatatu aliukuta mwenyewe akioga, ukiwa mkubwa kama ndimu, na alikaa nao miezi mitano kabla ya kumwambia mtu. Miezi hiyo mitano ndiyo ninayoigombania na wewe.

Nakujua. Ulilea wadogo zako ukiwa na miaka kumi na miwili, ukasoma kwa taa ya koroboi, ukaenda nchi ya watu ukafundisha watoto kusoma kwa lugha tatu. Hakuna jambo uliloliogopa ukalikimbia isipokuwa hili. Sikulaumu. Nakwambia tu kwamba Mastura alikwenda Jomvu Kuu peke yake, akabisha hodi mlango asioujua, akamwuliza mtu asiyemjua, "Mama yangu alikuwa nani?" Nadhani lako ni rahisi kuliko lile, na yeye anadhani hivyo pia. Ameniambia nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Mwambie Nasreen asijifanye ana ziwa la sultani. Sote tulinyonya jikoni."

Mambo mengine ni machache. Nyumba ya bibi imepigwa rangi upande wa mbele tu, mafundi wametuambia wanangoja mvua ipite, mvua gani hatujui. Mwanasaumu amemaliza mtihani wake wa uhasibu na anangoja majibu. Paka wako wa zamani, yule wa sikio moja, amekufa kwa uzee, na mkaza mjomba wako anakanusha kwamba alilia.

Mkaza mjomba anakusalimu sana, na anauliza kama ule uvumba wa Salalah bado unapatikana. Mwanasaumu anakusalimu, anasema shikamoo. Bibi wa Jomvu Kuu, ambaye hujamwona, anakusalimu pia. Amesikia habari zako akasema kama umenyonya na mwana wa mdogo wake basi nawe ni mwanawe, uje ukaguliwe pua. Utupelekee salamu kwa wenzako wote. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe Ramadhani yenye kheri na afya, na akulete Idi tukuone.

Lililobaki ni tarehe. Likizo yako inaanza tarehe 18 Machi na unarudi tarehe 29. Sista Gladys amekuwekea nafasi ya picha ya matiti na ya kutoa mate Jumatano tarehe 25 Machi, saa tatu asubuhi. Mastura atafunga kibanda siku hiyo aje nawe. Jina lako limeandikwa kwa penseli. Sista ataliandika kwa wino ukikubali wewe mwenyewe, kwa sababu hapokei jibu la mjomba. Atakupigia Jumapili tarehe 1 Machi, saa kumi alasiri kwa saa za Muskat, kwa namba inayoishia na 46.

Akupendaye daima, kaka wa mama yako,

Najib